Viroboto nyumbani: maliza kiroboto kwanza, panya baadaye

Kila masika yakikatika simu yangu haitulii, na maswali ni yale yale. "Nipige dawa gani?" "Huyu paka nimtupe?" "Nimetia sumu, panya wote wamekufa, mbona sasa tunaliwa miguu?" "Mtoto ana homa, malaria haionekani, yawezekana ni viroboto?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimeyaweka yote hapa, na safari ijayo akiuliza mtu nitamtumia mwongozo huu.

Kazi yangu ni kupiga dawa majumbani, mjini na mashamba. Udaktari sina. Kwetu ni Pemba, na somo la kwanza la kazi hii nililipata huko kwa aibu. Shangazi yangu, upande wa Wete, alikuwa na banda la mbata lililoshikana na ukuta wa jikoni. Panya walipita mchana kweupe kama wapangaji. Nikaenda sokoni nikanunua sumu ya vipakti, ile isiyo na jina wala maandishi, nikaichanganya na dagaa. Siku ya tatu harufu ikaanza. Siku ya nne shangazi kasimama mlangoni, kanga ameishika juu ya magoti, vifundo vya miguu vimejaa vipele vyekundu vitatu vitatu. Panya walikuwa wamekufa darini. Mwili wa panya ukipoa kiroboto hakai, huruka kutafuta damu nyingine, na damu iliyokuwa karibu ilikuwa ya shangazi yangu.

Kwa hiyo ukisoma jambo moja tu hapa, soma mpangilio: kiroboto kwanza, panya baadaye. Walio wengi hufanya kinyume.

Ugonjwa unaingiaje

Kiroboto anaweza kubeba bakteria. Anayejulikana zaidi ni wa tauni: kiroboto wa panya anapouma huwa ameziba koo kwa bakteria hao, na huwatapika ndani ya jeraha. Wa pili ni wa taifasi ya panya, ambayo haiingii kwa mdomo wa kiroboto bali kwa kinyesi chake. Anakuuma, anajisaidia hapo hapo, wewe unajikuna, na kucha zako ndizo zinazoingiza uchafu ndani ya ngozi. Kiroboto wa paka naye ana bakteria wake, na kinyesi chake kikiganda kwenye kucha za paka, mkwaruzo mmoja unaweza kumletea mtoto homa na uvimbe wa tezi.

Usichanganye taifasi na taifodi. Taifodi ni homa ya matumbo, inakuja kwa maji na chakula kichafu. Majina yanafanana, magonjwa ni mbalimbali, na dawa si lazima ziwe zile zile.

Kupe na papasi si wadudu wa jamii ya kiroboto, ila kazi yao ni ile ile. Kupe wa ng'ombe na mbuzi huleta homa ya kupe. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache kisha hurudi kujificha, na anaweza kukaa miaka bila kula. Yeye huleta homa inayokuja, ikaondoka siku kadhaa, ikarudi tena. (Namsema papasi mdudu. Yule wa Forodhani anayewafuata watalii hana dawa.)

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Soksi nyeupe ndefu, jozi mbili.
- Kitana cha chawa, kile chenye meno ya karibu karibu.
- Pamba na karatasi nyeupe.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sahani pana, na taa.
- Sufuria kubwa au pipa la kuchemshia maji.
- Glovu za mpira, barakoa, viatu vya kufunika mguu mzima.
- Dawa ya wadudu yenye kibandiko kinachosomeka: jina la dawa, kiasi cha maji, tarehe ya kwisha. Unga kwa matundu na nyufa, ya maji kwa sakafu.
- Mitego ya panya ya kubana, angalau sita. Mtego mmoja ni mapambo.
- Unga wa ngano kiasi cha kikombe.

Sumu ya panya haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Panya aliyekula sumu hufia usipomfikia, na vipakti vya mtaani vimeshaua kuku, paka, na vimewahi kutiwa mdomoni na watoto.

Hatua kwa hatua

1. *Hakikisha ni kiroboto.* Vaa soksi nyeupe mpaka chini ya goti, tembea taratibu chumba hadi chumba kwa dakika tano, simama kidogo karibu na anapolala paka na chini ya vitanda. Kiroboto ataonekana kwenye soksi kama punje ya ufuta mweusi inayoruka. Kisha mlaze paka juu ya karatasi nyeupe, mchane kwa kitana kuanzia mkiani. Vikidondoka vichembe vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, vichukue kwa pamba iliyoloweshwa, usubiri dakika moja. Pamba ikibaki na rangi ya vumbi, ni vumbi. Ikichuja wekundu wa kutu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Wateja wangu wengi huacha kubishana nikishawaonyesha pamba hiyo.

 Mahali pa kuumwa napo panasema. Kiroboto hupenda vifundo na mashavu ya miguu. Kunguni huuma sehemu yoyote iliyokuwa wazi kitandani, mara nyingi kwa mstari, na huacha madoa meusi kwenye mishono ya godoro. Ikiwa ni kunguni huu si mwongozo wako.

2. *Jua panya wanapita wapi, lakini usiwaguse.* Baada ya magharibi nyunyiza unga mwembamba kando ya kuta, nyuma ya jokofu, mlango wa stoo. Alfajiri utaona nyayo na mkia uliochora mstari. Andika au piga picha, kisha futa unga kabla kuku hawajauwahi. Kwa sasa basi.

3. *Toa vitu vyote vya kulalia.* Mashuka, foronya, mapazia, nguo zilizolundikana, vyote vichemshwe au vifuliwe kwa maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuvumilia. Kiroboto, yai na buu haviponi kwenye nyuzi 60. Vibebe ndani ya shuka lililofungwa vizuri, usivikung'ute ndani ya nyumba, maana mayai hayashiki nguo, hudondoka kama chumvi. Magodoro ya usufi na mikeka ya ukili huwezi kuchemsha: yaanike jua kali kutwa nzima, ukiyageuza adhuhuri. Kitanda cha kamba kimwagie maji yanayochemka kwenye mafundo yote, kama walivyofanya bibi zetu.

4. *Paka.* "Mwanangu, nimtupe?" aliniuliza bibi mmoja wa Magomeni, paka mwenyewe kamkalia mapajani. Usimtupe, bibi. Ukimtupa, viroboto waliobaki sakafuni watakosa paka, watakuja kwako. Paka ndiye chambo chako.

 Mwogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, na anza shingoni: zungushia povu shingo nzima kama pete kabla hujamlowesha mwili, la sivyo viroboto wote watakimbilia masikioni na puani. Kisha mchane kwa kitana, ukikichovya kila mara kwenye maji ya sabuni. Watoto wa paka wadogo wachane tu. Dawa ya kupaka nunua kwa daktari wa mifugo, iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

 Onyo: dawa ya mbwa au ya ng'ombe yenye pamethrini humuua paka. Mafuta ya taa humchubua ngozi na kumdhuru anapojilamba. Nimeshaitwa nyumba mbili kwa sababu hiyo, na zote mbili nilifika nimechelewa.

5. *Fagia, lakini si kama unavyofagia kila siku.* Nyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke. Ingia chini ya vitanda, pembeni mwa kuta, chini ya makochi. Mabuu ya kiroboto hukimbia mwanga, kwa hiyo katikati ya chumba si kwao. Taka zichome au zifukie siku hiyo hiyo. Nyumba ya sakafu ya udongo, ziba nyufa, kisha siriba upya. Kazi hiyo peke yake humfungia mlango kiroboto na papasi pamoja.

6. *Sasa piga dawa.* Toa watu, paka, kuku na vyakula. Funika kisima na mapipa ya maji. Vaa glovu na barakoa. Pima dawa kama kibandiko kinavyosema. "Nizidishe kidogo wafe haraka" haiwaui haraka, inakuumiza wewe. Dawa ya maji pitisha sakafuni na kuta za chini mpaka usawa wa goti, kiroboto hahitaji zaidi ya hapo. Dawa ya unga tia kwenye matundu ya panya na kwenye njia ulizozigundua hatua ya 2: panya atapita, ataubeba unga kwenye manyoya mpaka kiotani, na viroboto wake watafia huko huko. Hapa ndipo mahali ambapo panya anakufanyia kazi bure.

 Mtu asiingie mpaka sakafu ikauke kabisa na madirisha yamekaa wazi. Maji ya kuoshea bomba la dawa usiyamwage karibu na kisima, mtaro wa pwani wala mikoko. Dawa hizi samaki hawazihimili.

7. *Subiri siku tano, halafu tega panya.* Siku mbili za mwanzo weka mitego na chambo bila kuitega, wazoee. Chambo cha kwetu ni nazi iliyobanikwa, harufu yake haina mpinzani. Mtego uegemee ukuta, upande wa chambo ndio uguse ukuta. Siku ya tatu itege yote usiku mmoja.

 Panya aliyenaswa usimguse kwa mkono mtupu. Mnyunyizie dawa ya wadudu yeye na mtego, ngoja dakika kumi, vaa glovu, mfukie nusu mita kwenda chini mbali na kisima. Haraka ya kumtupa akiwa bado na joto ndiyo hatari yenyewe. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond, akichunguza tauni India na Karachi, aliona kuwa waliougua ni walioshika panya waliokufa punde, na waliokwisha kupoa kwa muda mrefu hawakumdhuru mtu. Kwa hilo akamshuku kiroboto, na mwaka 1898 akathibitisha kwa majaribio.

8. *Funga nyumba.* Tundu linalopitisha kidole cha shahada linapitisha mtoto wa panya. Ziba kwa saruji na waya wa chuma wa kusugulia masufuria, si kwa matambara. Kata matawi yanayogusa paa. Mchele na mbata viwe kwenye mapipa yenye kifuniko, na gunia lisilale chini wala lisiguse ukuta.

9. *Rudia dawa siku ya 14.* Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kiroboto akiwa ndani ya kifukofuko chake (ganda la nyuzi ambamo buu hugeuka kiroboto) dawa haimfikii. Atatoka baadaye, na ndiye unayemngojea kwa duru ya pili.

Homa ikija

Hapa naacha ufundi na nasema kama mtu aliyekwisha kuuguza. Yule shangazi alishikwa na homa kama siku kumi baada ya mkasa ule. Kichwa kilimpasuka, vipele vidogo tumboni. Kituo tulichokwenda walipima malaria, hakuna, wakampa amoksilini, tukarudi nyumbani. Siku tatu, homa ile ile. Tulipokwenda pengine nikataja habari ya panya na viroboto, ambayo mara ya kwanza hakuna aliyeuliza na mimi niliona haya kuisema. Daktari akabadilisha dawa. Siku ya pili yake akaomba uji.

Amoksilini haina nguvu kwa bakteria wa taifasi ya panya wala wa homa ya kupe. Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini, lakini usiinunue dukani kwa kusoma hapa: mjamzito, mtoto mdogo, na anayemeza dawa nyingine wana hesabu zao, na hesabu hiyo ni ya daktari.

Huku kwetu malaria imepungua sana, na bado kila homa tunaiita malaria mpaka kipimo kikatae. Bara pia. Moshi, miaka ya 2007 na 2008, walichunguzwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Miongoni mwa waliobaki walikuwemo wenye homa ya kupe.

Ukifika spitali sema mambo manne bila kuulizwa: nyumbani kuna viroboto au panya, umeshika mnyama gani, uliumwa lini, homa ilianza siku ngapi baadaye. Taifasi ya panya huchukua wiki moja hadi mbili. Kwa homa ya kupe mtafute pahala alipouma, mara nyingi pana kigaga cheusi kama kilichochomwa sigara, nacho hujificha kwapani, kiunoni, nyuma ya goti.

Uvimbe wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni, pamoja na homa ya ghafla ndani ya siku saba tangu kuumwa na kiroboto, haungoji asubuhi. Nenda usiku huo. Tauni inatibika ikiwahiwa. Ikiingia mapafuni huambukiza kwa kukohoa na inaua kwa siku chache. Madagaska mwaka 2017 iliingia mapafuni mwa wengi na iliua watu zaidi ya 200.

Mambo yakikwama

*"Wiki imepita tangu nipige dawa, na bado wanaruka."* Ni kawaida. Hao ni waliokuwa kwenye vifukofuko. Tembea ndani ya nyumba kama kawaida: mtikisiko wa miguu na pumzi yako ndivyo vinavyowatoa wakanyage dawa. Usipige tena kabla ya siku ya 14.

*"Tulifunga nyumba ya shamba miezi mitatu, tumerudi kwa msimu wa karafuu, tumevamiwa mlangoni."* Kiroboto anaweza kungoja kifukoni miezi, na ulipofungua mlango ulimwamsha. Toka, vaa soksi na viatu, anza hatua ya 5.

*"Nimemwaga chumvi sakafuni."* Kwa unyevu wa kisiwa chetu umepata sakafu inayotoa jasho. Fagia, anza upya.

*"Sina hela ya dawa."* Fanya hatua ya 1 hadi 5 kila baada ya siku tatu. Usiku weka sahani pana ya maji na matone ya sabuni chini ya taa, sakafuni. Kiroboto huruka kufuata mwanga na joto, akatua akazama. Haitowamaliza, ila utaona kila asubuhi kama hesabu inashuka, nami wateja nawawekea hata baada ya dawa, iwe kipimo.

*"Tunaumwa lakini soksi ni safi."* Tazama kuta za udongo na miguu ya kitanda usiku wa manane kwa tochi. Huenda ni papasi au kunguni. Papasi ni wa kijivu, bapa, kama mfuko wa ngozi uliokunjamana.

*"Kupe kamganda mtoto."* Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupinda. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta, atatapika ndani ya jeraha. Osha kwa sabuni, andika tarehe.

*"Tumekuta panya wanne wamekufa uani siku moja. Hatukutega, hatukutia sumu."* Hapa acha yote uliyosoma juu. Usiwaguse, usiwafagie, usiwafukie. Zuia watoto, kuku na paka. Piga simu kwa sheha (kiongozi wa mtaa) na kituo cha afya, useme wangapi, wapi na tangu lini. Panya wanaojifia wenyewe kwa wingi ni dalili ya zamani ya tauni, na ng'ambo ya bahari, Lushoto mkoani Tanga, waliishi nayo kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1980. Kutoka Tanga mpaka kwetu ni safari ya chombo ya usiku mmoja. Jirani akisema ni sumu ya nyumba ya pili tu, mtume aende akaulize, na wewe simu uwe umeshapiga.